Moja, Nne, Mbili, Nane, Tano, Saba

Juzi mwanangu alikuwa jikoni na simu, akagawanya moja kwa saba, halafu akanionyesha jibu: 0.142857142857, mpaka kioo kikaisha. Nikaacha kuparua samaki. Wewe, hao watu nawajua! Nilisimama nao kwenye mwamba nyuma ya shule yetu, Igogo.

Ilikuwa miaka ya tisini, mitumba imejaa mitaani, na mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwanda vipya vya samaki, yakikaangwa kila kona. Mwalimu wetu wa hesabu alichagua wasichana sita, kila mmoja akampa tarakimu, akatusimamisha kwenye duara tumeshikana mikono. Mimi nilikuwa Moja, akafuata Nne, Mbili, Nane, Tano na Saba, ambaye mkono wake wa pili ulinishika mimi. Mwalimu akisema "mara tatu", yaani 142857 zidisha kwa tatu, hakuna anayehama. Nne ndiye anayeanza kujitaja, wengine tunafuata mpaka duara liishe: 428571. Mara mbili anaanza Mbili. Hivyo hivyo hadi mara sita, ni walewale kwa mpangilio uleule, anabadilika wa kuanza tu. Tuliiimba namba hiyo tukiteka maji ziwani na tukisugua masufuria kwa mchanga, mpaka majirani wakatuchoka.

Wiki ya siku ya wazazi, bibi yake Saba akasema mjukuu anapelekwa Magu kulea mtoto mchanga wa shangazi yake. Mwalimu akasema basi, tutafanya watano. Mimi ni mbishi tangu utotoni. Nikachukua chaki, nikazidisha 14285 mara tatu, nikapata 42855. Tano wamekuwa wawili, na mimi simo kabisa! Nililia kwa hasira, nikafuta machozi, nikaenda kwa bibi.

Nilimkuta anageuza dagaa juani. Nikapiga magoti, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia niende zangu. Sikwenda. Nilichora tarakimu zote mchangani, nikamwonyesha zinavyozunguka, kisha nikamfuta Saba nikaanza upya. Jua lilituchoma wote wawili.

"Bibi, akitoka yeye, na mimi napotea."

Bibi akarudi kwenye dagaa wake. "Una kichwa kigumu wewe," akasema. "Haya. Mpaka hiyo siku yenu. Kesho yake anaondoka."

Siku ya wazazi tulifanya mara zote mpaka mara sita, kisha mwalimu akaita mara saba. Hapo haanzi mtu. Jibu ni 999999, kila mmoja anakuwa tisa, na sote sita tulipaza sauti kwa pamoja. Saba alinibana mkono mpaka ukauma. Asubuhi yake aliondoka, na sijamwona tena.

Ule mwamba umepasuliwa kokoto, sasa pale kuna nyumba za watu. Mwalimu sijui aliko, na wale wengine kila mtu na maisha yake. Nimeumia, sifichi. Lakini juzi nilimnyang'anya mwanangu simu, nikagawanya mwenyewe, moja kwa saba. Saba anafika, na baada yake naanza mimi, tena na tena, na mkono hajauachia.