Mkanda wa Upande Mmoja

Fundi cherehani huyu watu walimwita Bi Sindano, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Ulimi wake ulichoma. Ukimletea kitambaa kifupi ukataka gauni refu, alikitazama kitambaa, akakutazama wewe, akasema, "Palipobaki nikuongezee ngozi yangu?" Na bado ulirudi kwake, kwa sababu mshono wake haukufumuka. Sare za shule alizoshona zilivaliwa na mkubwa, zikarithiwa na mdogo, zikaishia kuwa matambara ya kudekia sakafu, na pindo lilikuwa bado limeshika.

Alikodi upenu wa duka la vifaa vya umeme. Hapo palikuwa na cherehani yake ya miguu, meza ya kukatia, kiti cha mteja na misumari ya kutundikia nguo zilizokwisha. Kubana matumizi kulikuwa damuni mwake. Vipande vilivyobaki alivishona vikawa mifuko ya madaftari na vishikio vya sufuria. Mashati yaliyotupwa aliyang'oa vifungo. Uzi uliosalia kwenye bobini aliuzungusha kwenye kijiti, ukasubiri kazi ya rangi yake. Mama yake alikuwa mjane aliyelea watoto kwa kufua nguo za watu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumweleza kwamba akiba haiozi. Hilo alitaka lijulikane, kwa sababu ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Mumewe alikuwa karani wa ghala la saruji. Hakuwa mlevi wala mtu wa ngumi. Alipenda viatu vinavyong'aa, kalamu mfukoni na kusikilizwa. Siku moja pale kazini waliletewa mtaalamu mwenye tai aje kuwafundisha namna ya kujiwekea akiba. Karani alirudi nyumbani macho yanawaka.

"Mke wangu, tunavuja," alisema hata viatu hajavua.

Bi Sindano akatazama dari. "Wapi tena?"

"Fedha! Nyumba hii inavuja fedha."

Akamweleza yote. Wangekaza mkanda, waweke kidogo kidogo, wanunue kiwanja, waondoke kwenye vile vyumba viwili vya kupanga ambavyo mvua ikinyesha ilibidi kitanda kihamishwe. Bi Sindano alifurahi. Kiwanja alikitamani kabla ya huyo mtaalamu kujifunza kufunga tai. Wakatengenezesha sanduku la chuma lenye tundu juu na kufuli mbele. Ufunguo Karani akautia kwenye funguo zake.

"Mmoja unatosha," alisema. "Funguo zikiwa mbili, sanduku linageuka pochi."

Mke akacheka, akatumbukiza noti ya kwanza.

Mkanda ukaanza kukazwa. Nyama ilikwenda kwanza, mayai yakafuata. Mafuta ya kupikia yakapimwa kwa kijiko, sabuni ikakatwa vipande vidogo kama peremende. Kisha Karani akatangaza kwamba sukari ni adui wa maendeleo, na chai ikanywewa kavu. Jumamosi alizunguka jikoni akifunua vifuniko.

"Hiki kitunguu cha pili ni cha nini?"

"Cha kuulizwa," Bi Sindano alimjibu, lakini akakirudisha kikapuni.

Alivumilia kwa sababu alikuwa na hamu na kiwanja kile. Aliacha chai ya saa nne pale kazini. Mchana alishona na tumbo tupu, hadi jicho moja la sindano akaliona mawili. Msimu wa shule kufunguliwa, wazazi walipopanga foleni ya sare, alishona mpaka miguu ikavimba, na karibu fedha yote ikaingia sandukuni.

Watoto walikuwa wawili, wote wa kike. Mkubwa alikuwa na miaka kumi, na viatu vyake vikambana. Vidole vilijikunja ndani kama vya ndege. Mama aliposema binti anahitaji viatu, baba alichukua wembe, akavikata pua.

"Haya, sasa vinapumua!" akasema, akacheka.

Binti hakucheka. Akaanza kutembea akiburuta miguu ili vumbi lifunike vidole, na shuleni wakamwita Madirisha.

Jioni moja jirani yao, nesi aliyepanga chumba cha upande wa pili, aligonga mlango na kitu amekificha chini ya khanga.

"Dada, usinielewe vibaya," alisema kwa sauti ya chini. "Mdogo alikuwa kwangu akicheza. Nimemkuta jikoni, mkono mzima uko kwenye kopo la sukari, analamba huku analia. Ananiambia, mama, usimwambie baba."

Akatoa pakiti ya sukari, akaiweka juu ya meza taratibu, kana kwamba ingeweza kupiga kelele.

Bi Sindano alishukuru. Mlango ulipofungwa alibaki amesimama, uso unawaka. Mtoto wake, mtoto wa watu wawili wenye kazi, kuiba sukari kwa jirani! Karani aliporudi alimsimulia, akidhani naye ataona aibu. Karani aliona aibu kweli, ila si ile.

"Kesho mtaa mzima utasema tumeshindwa maisha," alisema. Akamwita yule mdogo, akampa pakiti. "Rudisha. Mwambie mama nesi kwetu hatuna shida."

Mtoto akaibeba kwa mikono miwili, akatoka nayo. Bi Sindano aliuma mdomo hadi akahisi chumvi. Alinyamaza kwa sababu moja tu: aliamini njaa ile ni ya wote. Kila asubuhi mumewe aliondoka bila chakula, akisema mchana atajikaza kwa maji. Alikuwa akimwonea huruma.

Sasa, Karani alikuwa na dada yake, mdogo wake wa kumfuata, mama mkarimu wa maneno mengi, aliyefungua mgahawa mdogo karibu na lile ghala. Wifi huyu aliagiza aproni kwa Bi Sindano. Kwa kawaida angezifuata mwenyewe, lakini siku hiyo alituma ujumbe kwamba msaidizi wake anaumwa na wateja wamemzidi. Bi Sindano akafunga cherehani, akazikunja aproni, akaenda nazo kwa miguu jua likiwa utosini.

Aliingia kutoka kwenye mwanga, akasimama kidogo macho yazoee. Kwenye meza ya nyuma aliona mgongo anaoujua, kwa kuwa shati lile alilishona yeye. Mbele ya mgongo ule palikuwa na sahani ya wali, paja la kuku, bakuli la nyama na soda inayotoa jasho kwa ubaridi. Wenzake wawili wa ghalani walikuwa na sahani kama hizo. Karani alishika mfupa, akiunyoosha hewani kila alipotaka kusisitiza.

"Siri ni nidhamu, jamani. Kwangu sukari tumeifuta kabisa. Ukimwendekeza mwanamke jikoni, kujenga sahau."

Wifi akatokea jikoni anafuta mikono, uso umejaa furaha. "Wifi yangu! Karibu. Na kaka huyo hapo anakula. Laiti wateja wote wangekuwa kama yeye! Analipa taslimu, na wenzake anawalipia."

"Leo?"

"Kila siku ya kazi. Kwani hukujua?"

Bi Sindano alimkabidhi aproni. Akaenda hadi meza ya nyuma, akavuta kiti, akaketi mkabala na mumewe. Mfupa ulibaki hewani.

"Mama watoto..." Karani alianza.

"Endelea. Ulikuwa unafundisha." Kisha bila kumtoa macho akaita, "Wifi! Niletee kama yake. Vilevile, na bakuli. Na nyingine mbili unifungie za watoto. Kaka yako analipa, si umesema ni taslimu?"

Mmoja wa wale wenzake alikohoa, akaanza kuinuka.

"Kaa," Bi Sindano akamwambia. "Sukari ya mwanangu mmeshaila. Malizeni basi."

Yule bwana akakaa.

Bi Sindano alikula. Chakula hakikuwa na ladha mdomoni mwake. Kila tonge lilishuka kama limeshonwa kwa gunia. Lakini alikula mpaka punje ya mwisho, na muda wote alimtazama Karani usoni. Wifi alikuwa amesimama pembeni. Alikuwa ameanza kuelewa, na tabasamu likamfifia polepole.

"Kaka, watoto hawanywi chai ya sukari?"

"Mambo ya nyumbani yaongelewe nyumbani," Karani akanong'ona.

"Sawa kabisa," Bi Sindano akasema, akainuka na vifurushi vyake. "Tutaongea nyumbani. Lipa."

Karani alipofika, mabinti walikuwa wamekaa kizingitini wananyonya mifupa. Akawaruka, akaingia, akafunga mlango.

"Umenivunjia heshima mbele ya watu!"

"Heshima yako inauzwa bakuli shilingi ngapi?"

"Sikiliza. Mimi ni mwanaume, nashinda na watu. Nikifungua kopo la kiporo mbele yao, watasema nimefilisika."

"Na mwanao uliyemkatia viatu pua, yeye anashinda na mbuzi? Ana jina jipya huko shuleni, unalijua? Muulize!"

"Mimi nawapangia maisha."

"Umevipangia vinywa vyetu. Chako umekiacha nje ya mpango."

Karani akakaa kitandani, akabadilisha sauti, akaileta ile ya mtaalamu. "Basi, kama akiba imekushinda, tuiache. Turudi kwenye anasa."

Hapo ndipo alipokosea. Bi Sindano alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka, na nje mabinti wakaacha kutafuna.

"Usinigeuzie! Nimebana kabla hujajua kuandika risiti! Umewahi kuniona nikitupa hata kifungo? Akiba siikatai. Ninachokataa ni mimi na watoto kuwa ndiyo akiba yenyewe. Unatukata sisi, halafu kilichokatwa unakipeleka ukakile na wageni, mdomo unang'aa mafuta, unanisema! Nyani haoni kundule, lakini wewe umelikalia kabisa."

Akamwambia anachotaka. Kufuli la pili, ufunguo wake mwenyewe. Kinachofutwa, kifutwe kwenye kila sahani. Na kabla ya kiwanja, viatu.

Karani alikataa. Akasema hatawaliwi nyumbani mwake. Bi Sindano hakubishana tena. Aliacha tu kumpikia, akaacha kumfulia, na sandukuni hakutia hata sarafu. Karani akavumilia siku chache, kisha akafunga begi dogo, akaenda kwa mama yake. Mama mkwe alikuwa ameshapata habari zote kutoka kwa binti yake. Alimkaribisha mwanawe vizuri, akamwekea kikombe cha chai kavu.

"Sukari je, mama?"

"Nasikia kwenu mmeifuta. Nimeona nisikuharibie mpango."

Kesho yake Karani akarudi na kufuli jipya kwenye mfuko wa karatasi. Samahani hakusema. Aliliweka mezani, akasema, "Kufuli hili hapa," akaenda kuoga.

Walifungua sanduku pamoja ili watoe fedha ya viatu, na hapo Bi Sindano akapata hasira ya pili. Yeye alikuwa na desturi ya kukunja noti mara nne ili ziingie kwenye kipochi cha kifuani. Karani hakuwahi kukunja noti. Alizinyoosha kwa kidole kama anazipiga pasi. Sanduku lilipofunguliwa, noti karibu zote zilikuwa na mikunjo minne. Zilizonyooka zilikuwa za kutafuta.

Hakupiga kelele safari hii. Alizishika zile zilizonyooka, chache kama meno ya kikongwe, akaziweka kando, akamwangalia. Karani akatazama ukuta.

"Mtaalamu wako anasemaje kuhusu hizi?" akamuuliza.

Karani akaanza kuhesabu fedha ya viatu.

Baada ya hapo walibana kweli, na wote. Sukari ilirudi kwa kipimo kimoja, baba kijiko, mtoto kijiko. Nyama iliingia jikoni siku ya mshahara, ikakatwa vipande vinavyolingana. Karani alibeba chakula chake kazini, mwanzoni amekizungushia gazeti kama mtu aliyeiba, na wale wenzake wawili walipoona soda zimekufa wakahamia meza nyingine. Alinuna wiki nzima kwa hilo. Bi Sindano hakumpa pole. Mtu akishaacha kujivunia tumbo lake mbele ya watu, alisema, atajua rafiki ni nani.

Ilichukua miaka. Mwaka mmoja cherehani iliharibika, fedha ikatoka. Mwaka mwingine mama yake Bi Sindano alilazwa, ikatoka tena, na Karani hakunung'unika, hilo alipewa sifa yake. Mwishowe wakanunua kiwanja nyuma ya machimbo ya mawe, kidogo, chenye mteremko na mawe mengi kuliko udongo. Watu mtaani wakasema, "Yule Karani ana nidhamu bwana." Bi Sindano alipoyasikia alisimamisha cherehani, akamweka msemaji kitako, akamsimulia habari ya kuku. Alimsimulia kila mtu. Ndugu walimwambia mambo yamekwisha, aache. Akawauliza yamekwisha kwa nani.

Msingi ulipoanza kujengwa alikuwa pale tangu asubuhi, khanga imefungwa kiunoni, anachambua kokoto na kunyoosha misumari iliyopinda kwa nyundo. Fundi mwashi, kijana mgeni asiyejua habari zao, alikuja akifuta jasho.

"Mama, mwenye nyumba yuko wapi? Nataka nimuulize mlango utazame wapi."

"Niulize mimi."

Fundi akasita, akageuka kumtafuta mwanaume. Karani alikuwa anapandisha mteremko na ndoo ya mchanga begani, suruali imekunjwa hadi magotini. Fundi akamrudia na swali lilelile.

Karani alitua ndoo, akahema, akaelekeza kidevu upande wa mkewe. "Si amekwambia umuulize yeye?"

Bi Sindano akainuka. Alimwonyesha mlango utazame wapi. Kisha akachota mchanganyiko wa saruji kwa kidole, akauona mwepesi kama uji wa mgonjwa, akaanza kumfokea fundi auchanganye upya.