Programu Iliyongoja Kujibiwa

Mama alipofariki nilirudi Machakos kukaa katika nyumba yake. Mtu alihitajika pale, na katika ukoo mzima ni mimi tu niliyekosa mke na kisingizio. Mkuu wangu wa kazi kule Nairobi, mwanamke asiyependa maneno mengi, alinipa kazi moja ya kunipima. Nikiimaliza vizuri, nitafanyia kazi nyumbani. Nikiivuruga, nirudi ofisini au nitafute pengine.

Kazi yenyewe ilikuwa kubuni zana ya kutusaidia kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta. Haikuwa na picha wala vitufe, ni dirisha jeusi tu unaloandikia amri. Juu ya kila kipande cha msimbo wetu ilibidi kuwe na lebo fupi ya kueleza kipande hicho ni cha nini, ili programu nyingine zijue la kukifanyia. Kuziandika kwa mkono kulituchosha, na tulikosea kila mara. Zana yangu ingesoma mafaili, itambue vipande, kisha iandike lebo yenyewe.

Nilifanyia kazi kwenye meza ya jikoni. Asubuhi nilichemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, na nusu yake ikapoa sufuriani. Kuna siku nilizoisikia sauti yangu kwa mara ya kwanza jioni, nikiitisha mkate dukani, nayo ikikwaruza. Nilikuwa mpweke, na sioni haja ya kulipamba neno hilo.

Mama hakuwa mtu wa kuombwa kitu bila salamu. Ukiingia jikoni na "Mwaitu," yaani mama kwa Kikamba, "chumvi iko wapi?" aliendelea kuchambua mboga kana kwamba ni nzi amepita. Mpaka umsalimie, naye aulize umeamkaje, nawe umjibu, ndipo chumvi ipatikane. Basi mimi nikaiingiza desturi hiyo kwenye zana. Ukiandika amri, kabla haijagusa faili lolote, iliuliza: "Umeamkaje?" Kisha ikangoja. Ukijibu neno lolote, ilianza kazi. Asubuhi moja niliijibu "vibaya", nayo ikaendelea kubandika lebo zake bila kuuliza kwa nini. Liliniuma hilo, na nikajicheka kwa kuumizwa na programu.

Kwenye kompyuta yangu haikukwama hata siku moja. Ijumaa, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na intaneti, nilienda saiba iliyo karibu na soko, nikaituma Nairobi. Wenzangu waliiweka kwenye kompyuta kubwa ya ofisi ijiendeshe yenyewe wikendi, milango ikiwa imefungwa, ili Jumatatu mteja akabidhiwe msimbo wenye lebo.

Jumatatu asubuhi mkuu wangu alinipigia simu.

"Sasa. Hiyo tool yako haijafanya kitu."

"Imeleta kosa gani?"

"Hakuna kosa. Iko tu hapa, imeuliza 'Umeamkaje?' Tangu Friday inangoja ijibiwe. Na hapa hakukuwa na mtu."

Nilishikwa na aibu hadi masikio yakawaka moto. Lakini nyuma ya aibu ilikuja huruma, na haikuwa ya mteja. Nilikiona chumba kile, taa zimezimwa, viti vimesukumwa chini ya meza, na lile swali likikaa pale kwa adabu zake zote.

"Client anakuja saa nane," alisema. "Toa hizo salamu. Kitu kama hiyo ikifanya kazi poa, inanyamaza. Ikifika kabla ya saa nane, kaa tu huko kwenu."

Nilizifuta salamu, nikakimbia saiba na shati nje. Mteja alipofika, lebo zote zilikuwa mahali pake, na mimi nikaruhusiwa kubaki Machakos.

Kesho yake niliketi kwenye meza ya jikoni, nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri. Zana ilifanya kazi yake yote na kumaliza bila neno, kama ilivyotakiwa.

"Nimeamka salama, Mwaitu," nilisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyekuwa ameniuliza.