Hita Iliyopuliza Baridi Lushoto

Mama mkwe wangu aliugua kichomi huko kwao Lushoto. Daktari aliporidhika kwamba amepata nafuu, alimshauri ashuke akapumzike penye joto. Basi mimi na mke wangu, Neema, tukaamua kumfuata kwa gari letu, Corolla kuukuu kuliko ndoa yetu.

Tuliondoka nyumbani Pongwe, karibu na Tanga, asubuhi, madirisha wazi. Mpaka Mombo tulikuwa tunatokwa jasho tu.

Tulipopita Soni, ukungu ulikuwa umeshuka barabarani. Neema akafungua hita. Ikatoa upepo kama wa friji, na kioo cha mbele kikajaa mvuke. Nikawa naendesha kwa mkono mmoja, kwa mwingine nafuta kioo kwa kanga yake.

Lushoto tulimkuta Mama jikoni, kajifunika blanketi.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, wanangu. Gari lina joto?”

Nikamwambia ukweli. Akaja mwenyewe, akaketi kiti cha mbele, akaweka kiganja kwenye tundu la hita.

“Baba, hii hita au feni? Kifua changu hiki sikipandishi humu.”

Akaanza kukohoa. Kukohoa kwake Mama kulitutisha sote wawili. Hatukuwa tayari kumwacha kwenye baridi ile, wala kumsafirisha ndani yake.

Kesho yake, injini ikiwa bado baridi, nilifungua rejeta. Maji yamejaa. Nikawasha gari, nikaliacha lingurume kidogo, nikashika mipira miwili inayopeleka maji kwenye hita: yote vuguvugu, kwa hiyo njia haijaziba. Lakini mpira mkubwa wa juu wa rejeta ulianza kupata uvuguvugu papo hapo, na mshale wa joto ukagoma kupanda.

“Si ndiyo gari lililochemsha mwaka ule?” Neema akauliza. “Fundi wa Ngamiani alitoa kitu, akasema kwa joto la Tanga hakina kazi.”

Themostati! Ndiyo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Bila hiyo, maji yalikuwa yanapoozwa muda wote, na hita haikuwa na joto la kuchukua.

Mjini tukapata inayofaa. Fundi wa pale aliifunga, akajaza maji, akaacha injini ingurume hadi hewa yote ikatoka. Mshale ukapanda mpaka katikati, ukatulia. Mama akaweka tena kiganja chake kwenye lile tundu.

“Ee! Sasa nileteeni mkoba wangu.”

Tuliteremka kwenye ukungu uleule, kioo kikavu, Mama akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu augue. Tulipofika Mombo kwenye joto, akatuamuru tuzime hita.

Mwanzoni nilikuwa tayari kulaumu swichi za hita. Safari hii imenifunza kuanzia kwenye injini, maana joto lote linatoka huko, na kumuuliza kwanza mke wangu, mwenye kumbukumbu kuliko mimi.

Jumamosi iliyofuata tulimpeleka Mama ufukweni Kigombe. Alikuwa hajawahi kukanyaga bahari maishani. Akapandisha gauni hadi magotini, akaingia taratibu, akasimama akishangaa.

“Neema!” akaita. “Kumbe huku Mungu anawachemshia maji!”

Akacheka kwa muda mrefu, wala hakukohoa.