Siku Niliyovua Viatu Kwenye Maonyesho

Aibu hii ni yangu mwenyewe, sikusingiziwa, na naiandika kabla hamjaisikia kwa watu wa Tottenham, hapa London, ambao wameshaitia chumvi.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Nimebeba mizigo Hayes, nimeendesha basi miaka ishirini na mbili, nimesomesha, sikumpigia mtu magoti. Kwa hiyo binti yangu Zuhura aliponiambia anamfanyia kazi mama mmoja msanii, Mwingereza, asiyechora wala kuchonga, miaka thelathini anakusanya vitu vilivyoachwa na watu (funguo za majumba yaliyobomolewa, mashuka ya hospitali, sasa viatu), nikamwambia hiyo si kazi, ni kuokota. Tukanuniana miezi. Halafu akanialika kwenye ufunguzi.

"Baba, njoo uone. Lakini tafadhali, usiniaibishe."

Nikaenda na koti langu la Idi. Nilichelewa, na maelezo ya ukutani sikuyasoma (Kiingereza cha kusoma hunichosha), nikaona chumba kimetandikwa zulia, kimya kama nyumba ya msiba, na viatu vimejaa kizingitini. Sasa mtu aliyelelewa Unguja akiona viatu mlangoni hufanya nini? Nikavua. Vyangu nikavipanga, vya wenzangu vilivyokaa upande nikavinyoosha, nikaingia na soksi, nikakaa chini. Wazungu nyuma yangu wakaona mzee kavua, wakadhani ndio utaratibu, nao wakavua, mmoja, wawili, mpaka kumi na kitu, na mlinzi wa chumba aliporudi akashika kichwa.

"Nani kagusa kazi?"

Kumbe vile viatu ndiyo kazi yenyewe, vya marehemu watupu, na sasa vimechanganyika na vya walio hai. Wote wakanitazama mimi. Zuhura akaitwa aje na daftari la picha apambanue kimoja kimoja, kapiga magoti mbele ya yule msanii, mkubwa wake. Nikapiga magoti naye.

Ndipo nikaziona. Ndara za kahawia, ukanda wa kushoto umeshonwa kwa uzi wa buluu. Uzi ule niliushona mimi. Za marehemu mke wangu. Baada ya arobaini nilizitia kwenye mfuko nikampa Zuhura, maana sikuweza kuzipita kila asubuhi.

"Nilikwambia ukazitupe."

Siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Siku ile alinijibu kwa Kiswahili.

"Sikuweza, Baba. Hapa angalau watu wanainama kuzitazama."

Nikanyanyuka, nikamwambia yule msanii mbele ya watu wote: kosa ni langu, huyu mtoto hana hatia, na kazi yake anaijua. Akauliza kama nataka ndara nizichukue. Nikakataa. Nilipovipata viatu vyangu nikaviweka kando ya zile ndara, sijui kwa nini, mikono ilijiendea tu. Zuhura akaviokota, akanivalisha mwenyewe, akafunga na kamba.

"Vyako bado, Baba."

Tangu hapo sivui viatu popote mpaka nimemwona mwenye nyumba. Na neno kuokota halijatoka tena kinywani mwangu.