Mume Akiwa Nje ya Mlango

Danylo Kozub aliingia jikoni kwa mama yake, akavuta kiti, akakaa na kofia kichwani.

Katika nyumba ile hata mgeni aliyekuja kununua ndama alivua kofia mara tu alipoiona picha ya Bikira Maria juu ya meza. Danylo alikuwa akiivua kofia mbele ya picha hiyo tangu hajajua kusema. Darka, mama yake, aliendelea kufinya kingo za pirohi, maandazi ya kuchemshwa yenye viazi ndani, huku akimtazama kwa pembe ya jicho. Uso wa mwanawe ulikuwa mwekundu, unang'aa kama uliopakwa mafuta. Mkono aliounyoosha kuchukua kikombe ulikuwa laini. Danylo alikuwa na mikono ya baba yake, yenye manyoya kama ya dubu, lakini huu ulikuwa mtupu kama wa mtoto mchanga.

"Vua kofia, mwanangu."

"Kichwa kinapata baridi, mama."

"Jiko hilo linawaka. Vua."

"Jamani mama, si uniache ninywe chai kwanza?"

Darka akainuka na mikono yake ya unga, akaivua mwenyewe. Nyusi hazikuwepo, wala kope. Nywele za mbele zilikuwa zimejikunja, na alipozigusa zikakatika kama nyasi kavu.

"Usipige kelele," Danylo akasema upesi. "Baba yuko wapi?"

"Zizini."

"Basi nisikilize kabla hajaingia."

Alimwambia kwa sauti ya chini, macho mlangoni. Walikuwa kazini kwenye kisima cha gesi huko kaskazini, karibu na Fox Creek. Kiungo kimoja cha bomba kilivuja, gesi ikatambaa juu ya theluji, chini chini, isionekane. Mahali fulani kulikuwa na cheche. Moto ulikuja kama shuka lililokung'utwa, ukapita, ukazimika. Yeye alikuwa ameinama nyuma ya gari. Wenzake wawili hawakuwa wameinama, nao sasa walikuwa hospitalini Edmonton.

"Mitambo yote imesimamishwa," akasema. "Na mitambo yenyewe ni hiyo hiyo tu, kampuni haina mingine. Meneja katuita, katuambia atakayefungua mdomo kabla ya Ijumaa kupita ajitafutie kazi nyingine."

"Ijumaa kuna nini?"

"Wanafunga mauzo ya hisa mpya. Zile za jamaa na marafiki wa wafanyakazi. Mama, niapie humwambii mtu. Hata mke wangu nimemwambia niko zamu. Na tumbo lile la miezi minane, akiniona hivi atazaa njiani."

Darka akaapa. Kisha akarudi kwenye pirohi zake.

Mwanawe hakujua kwamba Ijumaa hiyohiyo, asubuhi, baba yake, Nestor Kozub, alikuwa na miadi kwa wakili mjini Vegreville kuweka shamba lao rehani, lile lenye nyumba hii na jiko hili, ili anunue hisa za Tamarel, kampuni hiyohiyo aliyoifanyia kazi Danylo. Nestor naye alikuwa amemwapisha mkewe. "Danylo asijue. Nusu nitaziandika kwa jina lake. Siku mtoto akizaliwa ndiyo nitampa." Kila mwanamume alikuwa amemkabidhi siri yake, na siri zote mbili sasa zilikuwa zimekutana kifuani mwake kama majogoo wawili katika tundu moja.

Nestor hakuwa mlevi wala mcheza kamari. Alikuwa mtu wa kupima mbegu mara mbili kabla ya kupanda. Lakini Tamarel ilikuwa imemgusa mahali. Makampuni makubwa hupasua mwamba wenye gesi kwa maji, mabwawa kwa mabwawa ya maji mazuri, ambayo yakirudi juu hayafai hata kuoshea gari. Tamarel walisema wao hawahitaji hata ndoo moja. Walichukua gesi ileile ya kupikia, ya kwenye mitungi, wakaitia dawa ikawa nzito kama uji, wakaisukuma chini pamoja na mchanga. Mwamba ukishapasuka, uji huo unageuka gesi tena na kurudi juu, unauzwa pamoja na nyingine. Nestor alipoelezwa hivyo alikumbuka mwaka wa ukame, bwawa la ng'ombe likiwa limebaki tope, na wao wakiuza kundi zima kwa bei ya kutupa huku malori ya visima yakipita barabarani yamejaa maji ya mto.

"Mtu anayeyaacha maji ardhini," alikuwa akisema, "huyo hata Mungu anamsaidia."

Na aliyewaletea habari hiyo hakuwa mgeni. Alikuwa Curtis Lindahl, sasa muuza hisa wa Tamarel, aliyecheza hoki ya barafu na Danylo tangu utotoni, na ambaye Darka mwenyewe alikuwa amemfunga kamba za viatu vya kuteleza mara zisizo na idadi. Huku, mtu akitoka timu ya watoto ya mji wenu, hamuulizi maswali. Kumuuliza maswali ni kumtukana mama yake.

Jioni ile Nestor alimtazama mwanawe mezani. "Na wewe uso umefanya nini?"

"Nililala karibu na hita, baba. Niachie kofia, kichwa kinapata baridi."

"Hata kuku anajua kusogea akiona moto," Nestor akasema, akacheka, akamwongezea pirohi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi. Darka alitazama chini.

Alhamisi nzima aliwaza. Akimwambia Nestor, Nestor hawezi kunyamaza. Atampigia simu Curtis, na kufika jioni Danylo hana kazi, mtoto hajazaliwa. Akimwambia Danylo, Danylo atasema mwenyewe, na mwisho ni uleule. Alifua mashuka safi. Alifuta dirisha hadi kitambaa kikalia kwenye kioo.

Ila kulikuwa na njia moja. Hati ya shamba ilikuwa na jina la Nestor peke yake, kama alivyoirithi kwa baba yake. Lakini kwa sheria ya jimbo la Alberta, mume haweki rehani nyumba anayoishi mkewe mpaka mke akubali, na aulizwe peke yake, mume akiwa nje ya mlango. Watu waliona ni desturi tu, kama kusema amina. Wanawake wote aliowajua waliulizwa, wakasema ndiyo, wakatoka wakaenda sokoni. Hakuwahi kusikia hata mmoja aliyesema vingine.

Nitasema hapana, akajiambia. Sitasema kwa nini. Nyumba itabaki, na siri ya mtoto itabaki.

Ijumaa baridi ilikuwa kali kiasi kwamba matairi ya pikapu yaligonga kama ya mbao. Ofisini kwa wakili, Curtis alikuwa amewahi, ameshika vikombe vya kahawa.

"Mama Kozub! Mbona huzeeki? Pirohi zako nakudai tangu enzi zile za hoki."

"Njoo ule, nani amekukataza," Darka akasema. Alimchunguza machoni, aone kama anajua habari ya moto. Hakuona kitu ila kijana aliyenyoa vizuri, na hilo lilimtisha zaidi.

Orest Bahriy naye alikuwa pale, jirani yao, baba wa ubatizo wa Danylo. Alikuja kuonyesha kitambulisho tu; saa ya kwake na mkewe Hania, ya kuweka rehani shamba lao kwa hisa hizohizo, ilikuwa alasiri. "Nestor," akasema, "ukishatajirika utaitikia salamu zetu, au tupitie kwa karani?"

"Wewe nitakuajiri uniswagie ng'ombe," Nestor akajibu, na wote wakacheka.

Wakili Haldane, mama mwenye mvi na sauti ya chini, akafungua mlango. "Bwana Kozub, wewe utabaki hapo. Bibi Kozub, karibu."

"Usichelewe," Nestor akamwambia mkewe, akimpigapiga bega. "Curtis anataka kurudi Calgary kabla ya theluji."

Mlango ukafungwa. Kelele za nje zikawa mbali, isipokuwa kikohozi cha Nestor, ambacho Darka angekitambua hata katika soko zima. Wakili akaweka hati mbele yake.

"Unajua hii ni ya nini?"

"Najua."

"Unajua sheria inakupa haki ya kuishi katika nyumba hiyo hata mumeo akitangulia, na kwamba ukiweka saini hapa, mkopo usipolipwa, haki hiyo inaweza kupotea?"

"Ndiyo."

"Je, unakubali kwa hiari yako mwenyewe, bila mumeo kukulazimisha kwa namna yoyote?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwake tayari. Hakukumbuka kuichukua. Alifikiri kwamba tangu alipoolewa hakuna mtu aliyewahi kumfungia mlango ili amuulize anataka nini. Mume wake hakuwa amemlazimisha. Mume wake alikuwa amempigapiga bega. Ilikuwa rahisi mno kusema ndiyo. Alikuwa anasikia neno lenyewe likipanda kooni kwa mazoea yake.

"Nikisema hapana," akauliza, "utamwambia sababu?"

"Nitamwambia nini, na wewe hujanieleza?"

"Na akiniuliza wewe ukiwepo?"

"Nitamwambia sheria haikudai sababu. Nyumbani sina uwezo nako."

Darka akaiweka kalamu mezani, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Hapana," akasema.

Wakili akakusanya karatasi, akaenda kufungua mlango. Curtis alikuwa katikati ya kisa cha hoki. Wakili akasema kwa upole kwamba Bibi Kozub hakutoa idhini, kwa hiyo leo hakuna kitakachofanyika.

Nestor aligeuka mwekundu kuanzia shingoni. "Labda hakuelewa," akasema. "Darka, hukuelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi kuna nini?"

"Sitaki, Nestor. Twende nyumbani."

"Mama Kozub," Curtis akaanza, "kama kuna kitu kinakusumbua, tuongee, mlango unafungwa leo..."

"Mimi nimeshafunga wangu," Darka akasema.

Orest alikohoa, akatazama buti zake. "Kwangu mimi ni Hania anayeshika kalamu," akatania.

Ndani ya pikapu Nestor hakuwasha redio. Walipita maghala ya nafaka, wakapita kanisa, wakaingia barabara ya changarawe. Ndipo alipozungumza.

"Mbele ya Orest," akasema. "Ungeniambia nyumbani. Ningekusikia."

Na huo ulikuwa ukweli, na ndio uliomuuma. "Sikuweza."

"Uliogopa nini? Nimewahi kukuinulia mkono?"

"Hujawahi."

"Basi niambie. Neno moja."

Darka alitazama theluji ikivuka barabara kama moshi. Lilikuwepo neno moja, nalo lilikuwa jina la mwanawe. Alilibana kwa meno mpaka wakafika uani.

Danylo alikuwa amekaa jikoni, kofia kichwani. Nestor hakuvua hata koti.

"Vizuri upo hapa," akamwambia. "Muulize mama yako. Nilitaka kumwachia mjukuu wangu kitu. Nilitaka kuweka shamba rehani, ninunue hisa za huko kwenu, nusu jina lako. Mama yako kanivua nguo mbele ya mji mzima. Hataki, na hasemi kwa nini. Kanifunga mikono kama mwendawazimu!"

"Rehani?" Danylo akasema. "Shamba hili?"

"Nestor, acha," Darka akasema. "Mtoto amechoka."

"Mama." Danylo alikuwa amesimama. "Ulijua? Juzi nilipokuwa nakwambia, ulijua?"

"Kaa ule."

"Ukakaa nayo yote siku zote hizi?"

"Nimesema kaa!" Sauti yake ilipasuka. "Una mtoto anakuja! Mimi nimeshasema hapana, yamekwisha, nyumba ipo, acha baba yako anune, atanuna mpaka kupanda, kisha ataacha!"

Danylo aliivua kofia, akaiweka mezani. Nestor aliutazama uso wa mwanawe kwenye mwanga wa dirisha, kwanza kwa hasira iliyokuwa bado haijapata pa kwenda, kisha polepole, kama mtu anayesoma kwa shida akifuata herufi. Alivuta kiti akakaa. Danylo akamweleza yote: kiungo, theluji, shuka la moto, wawili wa Edmonton, mitambo iliyolala.

Nestor aliunyoosha mkono wake mkubwa akaipapasa sehemu ambapo nyusi zilipaswa kuwa, kwa kidole gumba, kama anavyompapasa ndama aliyezaliwa dhaifu.

"Hita," akasema. "Uliniambia ni hita."

Kisha akatazama saa ya ukutani, na Darka akakiona alichokuwa anakifikiria kabla hajakitamka, maana yeye alikuwa amekikimbia tangu asubuhi.

"Orest anakwenda alasiri," Nestor akasema. "Na Hania atasaini, yule hajawahi kumkatalia kitu. Na shamba lao lina deni tayari."

"Mwambie tu asisaini," Darka akasema haraka. "Usiseme kwa nini."

"Orest? Mimi nimekaa saa nzima nikimwomba mke wangu sababu, na wewe unadhani Orest ataniacha bila sababu? Akiijua ataipeleka kwa Curtis moja kwa moja. Hawezi kufunga mdomo, unamjua." Akamgeukia mwanawe. "Watajua imetoka kwako. Hakuna Kozub mwingine pale kazini."

Danylo alikuwa ameuma midomo. Darka alimwona akifikiria kile chumba chake kidogo na mkewe huko Fox Creek, kitanda cha mtoto kilichokuwa bado vipande ndani ya boksi. Akataka kusimama kati yao, azibe simu kwa mwili wake. Hakusimama. Alikuwa ameulizwa peke yake akajibu; hili hakuwa ameulizwa yeye.

"Orest ndiye aliyenishika kwenye maji ya ubatizo," Danylo akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa kavu. "Piga, baba."

Nestor akainuka, akabonyeza namba kwa kidole kimoja. Jikoni hapakusikika kitu ila mlio wa simu ukiita upande wa pili, ukiita, ukiita. Darka aliushika mkono wa mwanawe, ule mtupu, akahesabu kila mlio, na hakujua anaomba iitikiwe au isiitikiwe, mpaka aliposikia sauti ya Hania, changamfu, ikisema kwamba wameshavaa makoti, wako mlangoni, kuna nini?