Fensi ya Elmina Yaota Kitambi

Elmina Chepngetich alikuwa mkunga wa zahanati kwa miaka mingi. Alipostaafu alirudi kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, karibu na Kabianga, akawa mtu wa ng'ombe wawili, majani chai na kwaya ya akina mama. Hakupenda kubishana. Mtu aliyezalisha nusu ya kijiji hana haja ya kupaza sauti. Akikutazama tu unakumbuka kwamba alikuona uchi kabla mama yako hajakuona.

Mwaka wa tisini na sita maziwa yake yakaanza kupungua. Jioni ng'ombe anakamuliwa vizuri, asubuhi kiwele kimelegea kama soksi. Elmina akamwambia mwanawe Weldon, aliyekuwa akisoma Amerika, kwamba kuna mwizi. Weldon hakutuma pole, alituma kamera ya ulinzi.

Aliyeifunga ni Omwenga, fundi wa redio na televisheni kutoka Kericho mjini. Aliiweka kwenye pembe ya nyumba, chini ya mabati, akaupitisha waya dirishani mpaka kwenye televisheni ya sebuleni. Umeme ulikuwepo, kwa kuwa laini ya kiwanda cha majani ilipita hapo barabarani. Elmina akawasha, akaona kufuli ya lango. Aliiona vizuri sana, hata kutu. Lakini lango lenyewe halikuonekana, wala boma la ng'ombe, wala kitu kingine chochote. Majirani walikuja, wakakaa, wakanywa chai wakitazama kufuli. Wengine walisema ni kufuli nzuri.

"Fundi," Elmina akamwambia Omwenga aliporudi, "mwizi wangu haibi kufuli."

"Hii lenzi ni nyembamba, mama. Inaona mbali lakini haioni kando. Tuitoe, tuweke pana."

Akaja na lenzi nyingine, fupi, iliyovimba kama jicho la chura. Akapanda ngazi, akaizungusha ile ya kwanza ikatoka kama kifuniko cha chupa, akafuta vumbi kwa kitambaa cha miwani, akaingiza mpya. Kisha akaanza kuizungusha polepole kutafuta mahali picha itatulia, na Elmina akiwa ndani mbele ya televisheni.

"Sasa?" Omwenga akauliza kutoka juu.

"Ukungu."

"Sasa?"

"Naona kitu kama ng'ombe."

"Na sasa?"

"Ni ng'ombe. Lakini amenenepa kuliko nilivyomwacha."

Omwenga akashuka kuangalia. Boma lote lilikuwa ndani ya kioo, toka zizi mpaka lango, na upande wa kulia fensi ya seng'enge inayotenganisha shamba la Elmina na la shemeji yake Kiptum, mdogo wa marehemu.

"Lenzi pana ina tabia moja," Omwenga alisema akikusanya vifaa vyake. "Katikati inasema ukweli. Pembeni inapinda kidogo. Usijali hiyo."

Elmina akaitikia vile watu huitikia mafundi wakiwa wanaondoka.

Kiptum alikuja siku hiyo hiyo kuona. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole, mwenye koti moja la heshima ambalo alilivaa hata kuja kutazama televisheni. Alikaa, akatazama kwa muda mrefu, akaweka kikombe chini.

"Mama Weldon," alisema, "fensi imeota kitambi."

Ni kweli. Kwenye kioo waya ulianza vizuri karibu na nyumba, ukatoka nje kuelekea kwa Kiptum, ukafanya tumbo la mtu aliyeshiba, kisha ukarudi ndani karibu na barabara.

"Miaka yote hiyo umekula shamba langu," Kiptum aliendelea kwa upole uleule. "Sisemi ulijua."

Elmina aliona aibu ikimpanda. Walitoka wote wawili wakasimama kwenye fensi. Kwa macho ilikuwa imenyooka kama siku ile babake Kiptum, mkwe wa Elmina, alipoigawa ardhi. Wakarudi ndani. Kitambi kilikuwa pale pale.

"Macho yetu ni ya uzee," Kiptum alisema. "Hiki ni chombo cha Amerika."

Wakamwita Kipkoech, naibu wa chifu, aliyefika na fimbo yake na kamba ndefu. Kipkoech alisema jambo hili ni rahisi. Akaifunga kamba toka nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho, ikakazwa mpaka ikalia kama gitaa, na nguzo zote zikaigusa. Kisha akaingia sebuleni kuhakikisha. Kwenye kioo kamba nayo ilikuwa na kitambi.

"Mnaona?" alisema. "Hata kamba imeharibika."

Wakati huo huo ndama wa Kiptum alitokea pembeni mwa kioo, akapita chini ya seng'enge, akaenda moja kwa moja katikati, kwa ng'ombe wa Elmina, na kuanza kunyonya. Alinyonya kwa utulivu, mkia ukicheza. Wote watatu walimtazama.

"Basi mwizi ni yule," Elmina alisema.

"Mama Weldon," Kiptum alisema, "tusichanganye mambo."

Naibu wa chifu naye alikubali kwamba mambo yasichanganywe. Kesho yake aliitwa Makori, mtu wa vibarua ambaye zamani alifanya kazi kwenye shamba la chai la kampuni, aje ang'oe nguzo. Kipkoech alikaa mbele ya televisheni. Chepkurui, mke wa Kiptum, alisimama mlangoni kupokea maneno na kuyapitisha.

"Aingize kwa Elmina kidogo," Kipkoech alisema.

"Ingiza kwa Elmina," Chepkurui aliita.

"Kidogo tena."

"Tena."

Makori alisimama na nguzo mikononi akiangalia kushoto na kulia. "Mkubwa, hapa naona tunaipinda."

"Unaona ukiwa huko nje," Kipkoech alijibu. "Sisi tuko ndani, tunaona yote."

Jioni, kwenye kioo, fensi ilikuwa imenyooka kama rula. Huko nje ilikuwa imeingia kwa Elmina kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, na mistari kadhaa ya majani chai ilikuwa upande wa Kiptum. Miche ile Elmina aliipanda na mumewe mwaka waliooana, mvua ikiwanyeshea, wakicheka kwa sababu hakuna aliyejua kupanda. Alisimama hapo kidogo. Hakulia. Alijiambia kwamba mali ya mtu ni ya mtu, akaingia kukamua.

Lakini usingizi ulikataa, na kufikia Jumapili alikuwa na neno. Baada ya ibada alimsubiri Kiptum nje ya kanisa.

"Shemeji, kamera imekaa kwangu, imeona makosa yangu. Haki ingekuwa ikae kwako pia, ikuone."

Kiptum hakuweza kukataa mbele ya washirika. Kamera ikahamishiwa chini ya paa lake, waya ukarushwa juu ya fensi mpaka kwenye televisheni ya Elmina, na watu wakarudi sebuleni. Naibu wa chifu akawasha. Kutoka upande wa Kiptum, fensi haikuwa na kitambi tena. Ilikuwa na mimba ya mapacha, na yote ilikuwa kwa Elmina.

"Baba," Chepkurui alimwambia mumewe polepole, "umekuwa mwizi."

Kiptum alivua kofia. Alikuwa mtu wa haki, na haki ilimuuma, lakini aliagiza Makori aitwe. Nguzo ziling'olewa tena, zikasogezwa kwake, kidogo, kidogo tena, mpaka kioo kikaridhika. Na fensi ilipopita nyuma ya nyumba ya Kiptum, choo chake kikabaki kwa Elmina.

Hapo ndipo maisha yalipokuwa magumu. Kiptum alilazimika kuzunguka mpaka barabarani, kuingia langoni kwa Elmina, kupiga hodi, kuulizwa hali ya nyumbani kama adabu inavyotaka, na kukaribishwa chai, ambayo ilizidisha tatizo lililomleta. Siku moja alikataa chai kabisa akapita bila kusalimu. Elmina hakukasirika. Kazi ya zahanati ilimfunza kutambua uso wa mtu asiyeweza kungoja.

Aliporudi, alimkuta Elmina amekaa kwenye kigoda karibu na fensi.

"Shemeji, keti. Wewe ukisimama hapa, kwa macho yako mwenyewe, unaona hii waya iko sawa?"

Kiptum aliitazama. "Naona imepinda kama pembe ya ng'ombe."

"Mimi pia. Na ile ya kwanza?"

"Ile pia ilipinda. Kwa upande ule mwingine."

Kiptum alisema labda mtu apime katikati, kati ya mashimo ya upande huu na mashimo ya upande ule, kila mmoja apoteze kidogo. Kipkoech alilipenda wazo hilo sana, akaliita maafikiano, na tangu siku hiyo alilitaja katika kila baraza.

Makori akapima, akaanza kuchimba. Sururu iliingia bila shida. Akainama, akachukua udongo akausugua kwa vidole, kisha akatoa shimoni kipande cha mti wa zamani kilichooza.

"Mama, hapa pamechimbwa," alisema. "Hapa palikuwa na nguzo."

Elmina alimtazama Kiptum. Kiptum alikuwa akitazama choo chake.

"Chimba tu, Makori," Elmina alisema.

Fensi ikasimama, waya wa chini ukakazwa ndama asipite, na kamera ikarudishwa kwenye pembe ya nyumba ya Elmina. Omwenga alipopita mwezi uliofuata kuuliza inafanyaje kazi, alikaribishwa sebuleni. Alipoona kioo alikunja uso, akaanza kueleza kwamba lenzi ya aina hii ikitazama kitu kilichonyooka kilicho pembeni, kitu hicho huonekana kana kwamba kimetoka nje, ingawa kwa kweli hakijatoka, na kama mama anasumbuliwa na kitambi hiki yeye anaweza kutafuta lenzi ya wastani.

Elmina alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai.

"Wacha tu, fundi," alisema. "Shemeji ameshakizoea."