Betri Iliyokunywa Mtungi wa Bibi

Juzi nilisimama Dumila kwa fundi wa kando ya barabara. Globu ya taa ya mbele ya gari langu ilikuwa imeungua tena, ya tatu tangu mvua zianze. Kijana akaitoa, akaitikisa sikioni, akasema, "Mama, za siku hizi hazidumu. Tuweke nyingine tu." Nikamwuliza kama amepima chaji. Akacheka, akafungua boneti, akanionyesha betri iliyofungwa pande zote, haina hata kizibo. Utaniamini nikikwambia kwamba nilirudi nyuma hatua mbili? Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, nimesimama juani naogopa betri.

Enzi za ujamaa tuliishi kijijini upande wa Kisanga, na baba alikuwa dereva wa lori la kijiji. Lilikuwa moja tu, na lilibeba kila kitu: pamba ya kupeleka stesheni ya Kilosa, mahindi, wagonjwa, hata maharusi. Kazi yangu mimi ilikuwa kuinywesha betri. Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo, nilipanda kwenye bampa, baba akafungua vizibo sita, nami nikamimina maji ya mvua tuliyokinga batini. Ya kisima alikataa, eti yana chumvi. Chupa moja ilitakiwa imalize mwezi, na nilijiona mtu mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Mara chupa ikaanza kuisha kwa wiki moja. Baba akaniangalia, akaangalia chupa. "Betri hainywi hivi. Umechezea maji." Nikala viboko viwili vya fimbo ya mpera. Nilimpenda baba yangu, lakini nilimwogopa kuliko simba wa Mikumi, na sikuona njia ya kubishana naye. Basi nikatafuta njia yangu. Kila lori liliporudi jioni, baba akienda kuoga, mimi nilipanda na kopo na kujaza betri kwa maji ya mvua ya mtungi wa bibi, yale aliyoyatunza kwa chai yake. Bibi alichungulia mtungi, akasema una mdudu mwenye miguu miwili. Jumamosi ikifika baba anakuta betri imejaa, anaguna kwa kuridhika.

Wakati huohuo globu za taa zikaanza kuungua. Siku zile globu ilikuwa dhahabu. Unaandikiwa karatasi, unakwenda Kilosa, unaambiwa rudi wiki ijayo. Ikaungua moja, ikaungua ya pili. Ya tatu ilimzimikia baba porini Mikumi akalala ndani ya lori huku tembo wakipita kando yake. Ilipofika ya sita, minong'ono ikaanza kisimani: dereva anawauzia watu wa mabasi Dumila globu mpya, anatuletea mbovu.

Mwenyekiti akaagiza fundi kutoka Mikumi. Alikuwa mzee mpole, kipima umeme chake kimekufa zamani, anatumia macho na vidole. Akafuata nyaya moja moja. Akakaza waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari. Akakagua mipira ya taa kama inaingiza maji, akazitikisa taa zenyewe kama zinacheza. Mwisho akafungua vizibo vya betri. "Imejaa vizuri," akasema. "Basi chaji haizidi. Ingezidi, maji yangekauka. Sioni ubaya wa gari hili."

Nilikuwa nimesimama palepale na kopo mkononi. Nilielewa kila neno. Nikalificha kopo nyuma yangu.

Kesho yake asubuhi mkutano ukaitwa mbele ya ghala. "Ndugu Dereva," mwenyekiti akasema, "gari ni zima. Globu zinakwenda wapi?" Baba akamwaga mezani globu zote zilizoungua, alikuwa amezitunza kwenye kopo la maziwa. Jirani yetu, aliyeomba chumvi kwetu kila jioni, akasema kwa sauti, "Mbovu hata jalalani zipo!" Watu wakacheka. Mwenyekiti akawaita mgambo wawili, akawaambia wampeleke baba polisi Kilosa. Mama akajifunika uso kwa khanga. Baba alikuwa anazikusanya globu zake moja moja, anazirudisha kwenye kopo la maziwa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," bibi akasema taratibu, kama anaongea peke yake.

Nikasimama. "Shikamooni," nikasema, na wazee, jamani, wakaitikia marahaba hata katika hali ile. "Betri inakunywa maji kila siku. Mimi ndiye ninayeijaza. Kwa siri."

Fundi, aliyekuwa amelala kijijini, akainuka kabla ya mwenyekiti kufungua mdomo. "Kila siku? Kiasi gani?" Nikamwambia mtungi wa bibi umebaki nusu. "Lahaula!" Akakimbilia lori, akafungua kile kisanduku kidogo kinachopunguza umeme wa dainamo, akakuta vyuma vyake vimegandana. Umeme ulikuwa unaingia bila kipimo, unachemsha betri na kuunguza taa. Mimi nilikuwa nafuta ushahidi kila jioni kwa kopo.

Watu wakatawanyika wakizungumzia mvua. Jirani hakuomba radhi. Jioni alikuja na kikombe chake cha chumvi, na mama akampa.

Baba alinikuta nyuma ya ghala nikisubiri fimbo. Hakuwa nayo. Akachuchumaa mbele yangu, akauliza, "Mwanangu, ulikuwa unaniogopa kiasi hicho?" Nikatikisa kichwa kusema hapana. Akainuka, akaondoka. Hakunichapa tena maisha yake yote, na kila Jumamosi alishika chupa mwenyewe, mimi nikabaki kufungua vizibo.

Lori lilioza, ghala likaezuliwa, kijiji chenyewe kikatawanyika. Pale Dumila nilimlipa kijana, nikabaki nimeshika globu iliyoungua. Kama baba angekuwa hai, ningemwambia sasa: ndiyo, baba. Kiasi hicho.